Umeme Haujafika Shambani

Simu za namna hii huingia alfajiri. "Shikamoo fundi. Tela limekatika mkono wa kuvutia, mpunga tumeshapakia wote, tuko huku mbele ya Malinyi. Njoo na mashine yako." Unaitikia marahaba, unauliza barabara ikoje, trekta ni la aina gani, chuma kimekatikia wapi, na kama kuna mtu mwenye simu ya kupiga picha akutumie. Kisha unatoka nje kuangalia mafuta.

REA, wakala wa umeme vijijini, imefikisha nguzo katika vijiji vingi sana, na kuna mafundi waliodhani siku za mashine ya kuchomelea ya injini zimekwisha. Hazijaisha. Nguzo iko kijijini, shamba liko kilomita 12 mbele ya nguzo. Hata hapo kijijini, laini ya njia moja inayowasha taa na friji za watu huanza kufifia ukichomeka mashine kubwa, na jirani mwenye saluni anakuja kukusalimia kwa sura isiyo ya salamu. Nawaandikia vijana waliotoka VETA, au waliojifunza karakanani kwa kumshikia fundi kofia, ambao wanajua kulaza mstari ulionyooka na sasa wamenunua au wamekodi mashine ya injini kwa mara ya kwanza.

Karakanani unachomeka waya ukutani, kazi inaanza. Ukibeba injini, TANESCO ni wewe. Unazalisha umeme, unausafirisha kwenye kebo zako, na ukikatika hakuna wa kumpigia. Kwa miaka yangu ya kuzunguka bonde la Kilombero, kijana niliyemwona akirudi mjini mikono mitupu mara chache alikuwa ameshindwa na chuma. Alishindwa na dizeli yenye maji, kebo nyembamba, au arthi aliyoibana juu ya kutu. Kuchomelea alikuwa anajua.

Tuanze na kununua, maana hapo pesa nyingi hupotea kwa siku moja. Usisome namba kubwa iliyochapwa ubavuni. Tafuta kile kibao kidogo cha bati chenye maandishi ya kuumiza macho, usome ampea pamoja na asilimia iliyo pembeni yake. Asilimia hiyo hupimwa kwa dakika 10. Ampea 200 kwa asilimia 60 maana yake ni kwamba ukiiweka kwenye 200, ndani ya kila dakika 10 unachomelea 6 na kuiacha ipoe 4. Zipo mashine ndogo za petroli zinazojitangaza kwa 200 huku kibao kikisema asilimia 30 au chini ya hapo. Kwa kijiti cha milimita 2.5 hazina tabu, maana unatumia ampea 70 au 80. Ukitaka kushindilia vijiti vya milimita 4 mfululizo, ambavyo hula ampea 140 hadi 180, utanusa vanishi ya koili ikiungua kabla ya saa sita mchana. Angalia pia mwendo wa injini. Inayozunguka mara 3000 kwa dakika ni nyepesi na ya bei nafuu, na huchoka mapema kuliko ile ya mara 1500.

Mashine zilizotumika kutoka Japani, Denyo na Shindaiwa, zinavumilia shida. Mimi ningechukua Denyo kuukuu iliyotunzwa kuliko mpya isiyo na spea. Ila zina mtego. Umeme wa majumbani Japani ni volti 100, na nchi imegawanyika: upande wa Tokyo hezi 50, upande wa Osaka hezi 60. Kwa hiyo soketi za mashine nyingi za huko hutoa volti 100, na zile za njia tatu volti 200. Upande wa kuchomelea haujali hayo, unachoma vizuri tu. Lakini grinda yako ya volti 230 ukiichomeka kwenye 100 itajivuta kama feni ya dari siku ya umeme mdogo, nawe utailaumu grinda. Nenda na mita. Pima kila soketi injini ikiwa kwenye mwendo wa juu kabla hujalipa, na kama itabidi ununue transfoma ya kupandisha, bei yake iingie kwenye mapatano hapo hapo.

Na je, unaihitaji kweli? Muuzaji hatakuuliza, nakuuliza mimi. Kama kazi zako ni mageti, madirisha na kuziba bomba la maji mara mojamoja, jenereta nzuri ya kVA 7 au 8 pamoja na inveta ndogo ya ampea 160 inakutosha. Inapanda kwenye bajaji ya mizigo, na siku huna kazi jenereta unaikodisha harusini. Mashine ya injini ni ya mtu wa chuma kizito mbali na nguzo: matela, majembe ya trekta, matangi ya juu ya mnara, mabomba. Bomba la TAZAMA, kilomita 1710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, lililokamilika mwaka 1968, na sasa EACOP, kilomita 1443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, ni kazi za porini ambako ukitafuta soketi utaambulia mti.

Jambo jingine ambalo karatasi ya muuzaji hailisemi ni mlima. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1000 unazopanda, kwa sababu hewa inapungua. Ifakara iko chini ya mita 300. Njombe iko karibu mita 2000. Mashine iliyokuwa inachapa kazi Ifakara, ukiipandisha Njombe kuchomelea fremu za nyumba ya chai, imeshaacha njiani kama sehemu ya sita ya nguvu yake. Usiifungue kabureta kutafuta ugonjwa. Punguza ampea, tumia kijiti chembamba, piga mistari mingi zaidi.

Sasa umefika shambani. Usishushe mashine pale gari liliposimama kwa sababu tu ni nzito. Tembea kwanza. Inataka mahali palipo sawa, maana ikiinama sana pampu ya oili inaweza kunyonya hewa. Ekzosi ielekee kule upepo unakokwenda. Na majani yafyekwe mpaka udongo uonekane. Mvua ikianza, mwenye shamba atakuonea huruma na kukuambia uisukume ndani ya ghala. Kataa. Moshi wa ekzosi una hewa ya kaboni monoksaidi ambayo haina harufu wala rangi. Unachokinusa kwenye moshi ni kingine kabisa, na milango miwili iliyo wazi si kinga. Mvua ikinyesha, zima, funika, kunyweni chai.

Oili ipime injini ikiwa baridi na imekaa sawa. Chujio la hewa, ile ea kilina, lifungue kila asubuhi wakati wa mavuno; vumbi la mwezi wa saba lina uwezo wa kuimaliza pistoni kwa msimu mmoja. Ikiwa ni ya karatasi, igonge taratibu mkononi, usiipulizie upepo wa kompresa kutoka nje kwenda ndani. Injini mpya hudai oili yake ya kwanza ibadilishwe mapema, saa 20 kwa nyingi za petroli, 50 kwa nyingi za dizeli. Baada ya hapo fuata kitabu chake, na kama kitabu kimepotea, kila saa 100 haitakuonea.

Mafuta ya barabarani, ya kwenye madumu, ni bahati nasibu. Mimi huacha dumu lisimame nusu saa, kisha namimina kupitia kitambaa safi na kuacha vile vidole viwili vya chini kabisa. Mara nyingi humo ndimo maji yalimo. Usijaze tangi injini ikinguruma wala ikiwa bado ya moto, hata kama mteja amesimama na saa mkononi. Na dizeli isiishe kabisa ndani ya tangi. Ikiisha, upepo unaingia kwenye mirija, utalegeza nati na kupampu kwa mkono mpaka povu likome, ukiwa umezungukwa na watoto wa shule wanaohesabu.

Ikiwaka, iache ijipashe moto dakika tatu hadi tano kabla hujaidai kitu. Hapo anza kusikiliza. Kila mashine ina namna yake ya kupokea mzigo. Ukigusisha kijiti kwenye chuma inaguna kidogo, gavana inaongeza mafuta, sauti inarudi juu na kutulia. Mguno huo ujue kama unavyojua kikohozi cha mtu wa nyumbani. Siku inaguna na hairudi, simama. Ama ea kilina imeziba, ama filta ya dizeli, ama umeomba ampea zaidi ya uwezo wake. Kijana ambaye hasikii tofauti hiyo huongeza swichi ya ampea, injini inazama zaidi, umeme unashuka, naye anaongeza tena.

Niliwahi kupoteza nusu siku kwa kutosikiliza vizuri. Ilikuwa mashine ya petroli. Inawaka, inachomelea dakika 15 hivi, inafifia kama mgonjwa, inazima. Ukisubiri kidogo inawaka tena. Nilifungua plagi, nikafungua kabureta, nikalaumu petroli, nikamtuma kijana kwa pikipiki akanunue nyingine. Saa nane mchana, nikiwa najaza hiyo petroli mpya, nilipofungua kifuniko cha tangi nikasikia "fss" ya hewa ikiingia. Kitundu cha kupumulia kwenye kifuniko kilikuwa kimezibwa na nyigu, wale wanaojenga vijumba vya udongo. Mashine ilikuwa imelala stoo miezi miwili. Petroli ilikuwa inashuka, hewa haiingii, mwisho tangi linaing'ang'ania petroli. Nilizibua kwa njiti ya kiberiti. Tangu hapo mashine ikizimika kwa mtindo huo, mkono wangu wa kwanza unakwenda kwenye kifuniko.

Mashine nyingi zina swichi ya mwendo wa chini: ukiacha kuchomelea, baada ya sekunde kumi na kitu injini inashuka yenyewe, inaokoa mafuta na masikio. Iache kazini. Ila ujue kwamba ikiwa chini, soketi zake hazitoi umeme sahihi. Hapa linakuja suala la simu. Ukiwasha injini kijijini, kabla hujavaa glovu watu wameshaleta simu kumi na tano na soketi ya mkia. Chaja ni mzigo mdogo mno, injini haiisikii wala haipandi, na simu za watu zinakula umeme wa volti pungufu. Ukitaka kuwachajia, weka swichi kwenye mwendo wa juu na uhesabu mafuta hayo kama sadaka. Mimi huwachajia wakati nakata kwa grinda, kwa kuwa hapo injini iko juu hata hivyo. Wanaotaka uwaunganishie nyumba nzima kupitia soketi ya ukutani, wakatalie katakata. Umeme huo unaweza kurudi kwenye laini ukamkuta fundi wa nguzo aliyeamini laini imezimwa.

Na usiiache injini ya dizeli ikiunguruma mwendo wa chini saa tatu bila kazi kwa kuogopa kuipiga stata. Dizeli isiyopata mzigo haipati joto la kutosha, mafuta hayaungui yote, na utaanza kuona uchafu mweusi wa mafuta ukivuja kwenye maungio ya ekzosi. Mapumziko ya chakula, zima.

Kwenye kebo sitafanya haraka, kwa sababu hapo ndipo umeme wako unapoibwa bila mwizi. Upinde wa kijiti cha milimita 3.2 kwa ampea 120 unahitaji volti kama 25 hivi. Chukua kebo ya shaba ya milimita za mraba 16, nyembamba, ile inayouzwa pamoja na inveta za bei rahisi. Ivute mita 30 mpaka kwenye kazi, na arthi nyingine mita 30 kurudi. Kwenye mita hizo 60 utapoteza karibu volti 8, zote zinageuka joto ndani ya kebo. Ukitumia ya milimita 50, unapoteza volti mbili na nusu. Yule wa kwanza atasema mashine haina nguvu, na kijiti kitamganda kila akigusa. Shika kebo yako baada ya vijiti vitano: ikiwa ya moto kiasi cha kukufanya utoe mkono, mafuta yako yanapasha moto nyasi. Sokoni kuna kebo za alumini zilizopakwa shaba juu. Kata ncha, kwangua uzi mmoja kwa kisu. Ukiona weupe ndani, rudisha. Na ukiwa kazini ikunjue yote, usiache nusu imeviringwa juu ya mashine.

Arthi ibanwe kwenye chuma chenyewe kinachochomelewa, karibu na kazi, baada ya kupiga grinda mpaka king'ae. Kwenye trekta hili si suala la usafi tu. Ukiibana arthi kwenye rimu na kuchomelea chasisi, umeme utatafuta njia kupitia beringi, na kila kidonda kidogo utakachokiacha kwenye gololi mwenye trekta atakisikia mwezi ujao, atakutaja kwa jina. Kabla ya kugusa trekta au gari, toa vichwa vyote viwili vya betri, ukianza na hasi. Matrekta mapya yana kompyuta; chomoa na plagi zake, au mwambie mwenye nalo alitenganishe tela kabisa. Kutenganisha ni bora zaidi.

Turudi kwa lile tela la Malinyi. Mkono wa kuvutia ulikuwa umechanika kwenye kona, pale alipowahi kuchomelea mtu mwingine. Mstari wake ulikuwa mnene, unapendeza kwa mbali, umekaa juu ya rangi. Ndani haukuingia. Niliutoa wote kwa grinda. Kisha nikaufuata ufa mpaka mwisho wake, nikatoboa tundu la milimita 6 kidogo mbele ya kila ncha ili usiendelee kukimbia, halafu nikaufungua kwa umbo la V, nyuzi 30 kila upande, mpaka nikaona chuma cheupe chini kabisa.

Kwa kazi hiyo natumia kijiti namba 7018. Tarakimu mbili za kwanza ni nguvu ya chuma kitakachobaki, pauni 70,000 kwa inchi ya mraba. Namba 6013, kile cha kila duka la vifaa vya ujenzi, ni kizuri kwa geti na kwa bati nene, kinasamehe makosa. Mkono wa tela lenye tani nne kwenye matuta si mahali pa kusamehewa. Shida ya 7018 ni unyevu. Ganda lake likinyonya maji ya hewa, hidrojeni inaingia kwenye chuma na ufa unaweza kutokea kesho yake, wewe ukiwa umeshalipwa na kuondoka. Kilombero hewa yenyewe ni maji. Wapo wanaoanika vijiti juani, au kuvilaza juu ya ekzosi. Kijiti kilichokwisha kulowa hudai tanuri la nyuzi joto zaidi ya 250, na jua letu pamoja na ukali wake haliwezi. Nunua pakiti ndogo zilizofungwa, fungua moja kwa kazi moja, vijiti vinavyobaki vitie kwenye kopo lenye mfuniko wa kubana na uviweke kwa ajili ya mageti.

Holda niliiweka kwenye chanya, arthi kwenye hasi, ampea 120 kwa kijiti cha 3.2. Nilipiga nukta mbili za kushikiza, nikapima kama mkono umenyooka, kisha mstari wa chini. Upinde wa 7018 ushikwe mfupi, ncha ikikaribia kugusa bwawa la chuma kilichoyeyuka. Macho yawe kwenye bwawa, nyuma ya mwanga, uone kingo zake zinalamba pande zote mbili za V. Upande mmoja ukikataa kulambwa, usisonge mbele. Kati ya mstari na mstari gamba litolewe lote kwa nyundo na brashi ya waya, hata kwenye zile pembe ambazo hakuna atakayeziona. Mistari mitatu, kisha bamba la kuimarisha juu yake. Nililiacha lipoe lenyewe. Dereva alikuja na ndoo ya maji kunisaidia. Nilimshukuru, nikamwomba ayanywe.

Mwili wako, kwa ufupi. Kioo cha namba 10 au 11, na saidia fundi wako awe nacho pia, siyo miwani ya jua ya mtumba. Macho yaliyopigwa hayaumi saa hiyo, yanaanza saa sita za usiku kama yamejazwa mchanga. Volti 70 za kwenye holda kabla hujagusa chuma zinaonekana kidogo, lakini kwa mtu aliyelowa jasho, glovu mbichi, amesimama kwenye tope la jaruba, zinaua. Tafuta ubao mkavu wa kukanyagia. Mabomba yaliyopakwa zinki yakwangue kwanza, ukae upande unakotoka upepo. Moshi wake utakutetemesha usiku kama malaria, utapima, hutaonekana nayo. Maziwa kunywa kama unayapenda. Hayaoshi mapafu.

Kuna kazi moja utakayoletewa kila msimu, nayo ni tangi la dizeli linalovuja au pipa ambalo "lilikuwa na mafuta zamani." Mwenye nalo ataapa kwamba limekauka mwaka mzima. Mvuke uliobaki kwenye kutu na kwenye maungio unatosha kulipasua tangi usoni mwako. Kuliosha kisawasawa ni kazi ya karakana yenye vifaa, si ya chini ya mwembe. Mimi hulirudisha, na nimewahi kupoteza wateja wawili kwa hilo.

Moto wa nje nao una ujanja wake. Mabua ya mpunga yakikauka, cheche inaingia chini na kukaa humo kimya. Mara moja tulikuwa tumeshapakia, tunakunywa maji, saidia fundi akaona uzi wa moshi mita nane kutoka tulipokuwa, dakika ishirini baada ya kijiti cha mwisho. Tangu hapo madumu mawili ya maji hayatoki kwenye gari langu, na hatuondoki kabla ya nusu saa. Muda huo unatosha kabisa kwa mambo mengine: injini inapoa kwenye mwendo wa chini dakika tano kabla ya kuzimwa, koki ya mafuta inafungwa, kebo zinapanguswa tope na kuviringwa, mashine inafungwa kamba kwa kushikwa kwenye fremu.

Na ndio muda wa daftari. Andika saa zilizosomeka kwenye mita ya injini ulipofika na unapoondoka, lita ulizojaza, na vijiti vilivyotumika. Baada ya kazi kumi utajua mashine yako inakula lita ngapi kwa saa. Zilizo nyingi za ukubwa huu hucheza kati ya lita mbili na tatu zikiwa kazini. Bei yako ijengwe hapo: mafuta ya injini, nauli ya kwenda na kurudi, vijiti, diski za grinda, ujira wa watu wawili, na fungu dogo kwa kila saa kwa ajili ya oili na siku pistoni itakapodai haki yake. Vijana hutaja bei kwa kuangalia urefu wa mstari waliochomelea. Mstari wa sentimita 20 mbele ya Malinyi si bei moja na mstari wa sentimita 20 nyuma ya stendi.

Wapo watakaokuambia hawana fedha taslimu mpaka wauze, wakulipe gunia la mpunga. Kama ni watu unaowafahamu, pokea. Ila usiliweke karibu na dumu la dizeli kwenye gari. Nimewahi kula wali huo wiki tatu.